Kunyamazisha Njuga

Mtu aliyenifundisha kulipiza kisasi tumemzika mwezi uliopita. Tulimwita Dije Tufani, na jina lake halisi nililisikia kwa mara ya kwanza pale msibani, lilipokuwa likisomwa kwenye wasifu wa marehemu. Yeye mwenyewe hakujua kwamba alinifundisha kisasi. Alidhani anatafsiri sinema. Siku zote tatu za msiba nilikaa jikoni na kina mama wenzangu tukisonga ugali wa waombolezaji, moshi umetujaa machoni, na waliopita walinipa pole kwa jinsi nilivyolia. Sikuwa nikimlilia marehemu, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira. Mpwa wake, Milembe, alikuwa amerudi kuzika, amekaa kwenye mkeka sebuleni, na kila aliyeingia alimpa mkono kwa adabu kana kwamba mtaa wetu mzima wa Kirumba umejengwa na yeye.

Mliokua wakati wangu mnalikumbuka banda la video. Letu lilikuwa la mabati, limeegemezwa kwenye jiwe kubwa, kwa hiyo upande mmoja haukuhitaji ukuta. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja yenye kisogo kirefu, deki, na Dije Tufani juu ya stuli, kashika kipaza sauti kilichozungushiwa selotepu. Nje jenereta linanguruma. Harufu ya petroli ilichanganyika na ya dagaa iliyokuwa imeganda kwenye nguo za watu waliotoka soko la samaki la Mwaloni, na mpaka leo nikizisikia harufu hizo mbili kwa pamoja naanza kutafuta mahali pa kukaa. Sinema ilisema Kichina au Kiingereza kwa chini, Dije akasema Kiswahili kwa juu. Milembe aliingia bure kwa sababu Dije alikuwa mjomba wake. Mimi niliingia bure kwa sababu nilikuwa na Milembe. Nyumba zetu zilichangia ukuta mmoja, naye hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Jirani.

Sasa kuna familia ya wageni ilikuwa ikihama kutoka Butimba, ikauza vyombo vyake, na Dije akarudi kutoka huko amebeba kichwani boksi zima la kanda. Hakuwa na namna ya kuziangalia kabla ya kuzichukua. Aliangalia picha za kwenye makasha tu: mwanamume karuka juu, miguu kaipanua hewani, mwanamke kasimama kwa mguu mmoja, wa pili uko usawa wa sikio. Akajua ni karate. Jumamosi ile aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje kwamba kuna mapigano mapya ambayo Mwanza haijawahi kuyaona, na banda likajaa mpaka tukakaa sakafuni.

Kanda zote zilikuwa za baleti. Neno hilo nimelijua ukubwani. Siku ile tuliona binti mwembamba wa Kizungu, kavaa viatu vya kitambaa vyenye utepe, kashika bomba lililopigiliwa ukutani, anakunja magoti, anayanyoosha, anayakunja tena. Hakuna kingine. Mzee mmoja mvuvi aliyekaa mbele alivumilia mpaka akashindwa.

"We Tufani," akasema, "huyu anapigana saa ngapi?"

Dije alikohoa kwenye kipaza sauti. Namwona mpaka leo, jasho linamtoka, watu wazima wamejaa nyuma yake na wote wanataka mapigano.

"Tulia, mzee wangu," akasema. "Huyo ndiyo steringi. Baba yake kauawa. Aliyemuua ni huyo bibi mwenye bakora unayemwona pale nyuma. Binti hajui kama bibi anamjua, bibi hajui kama binti anajua. Sasa hapo yuko mazoezini, anaipika miguu. Akikupiga na mguu huo unafika Sengerema bila kupanda kivuko."

Banda likapiga makofi, mzee akatulia, na kuanzia hapo kila sinema ya baleti iliyoonyeshwa Kirumba ikawa ya kisasi.

Niliziangalia zote mara zisizohesabika, kwa sababu wakubwa walizichoka, na Dije akawa anatuwekea sisi watoto Jumamosi asubuhi kabla ya karate zenyewe. Nilizipenda tatu. Ya kwanza ni hiyo ya binti na bibi mwenye bakora. Kila bibi alipomgusa mgongo kwa bakora ili anyooke, sisi tulifyonya. Mwishoni binti anacheza peke yake, kavaa nyeupe, watu wanarusha maua, na bibi yuko nyuma ya pazia anajifuta machozi. "Mmeona?" Dije akasema. "Kalia. Imemwingia." Ya pili ni ya mwanamke aliyevunjika mguu, akawa fundi wa kushona magauni ya wachezaji wenzake. Dije alisema anashonea sindano zenye sumu ndani ya gauni la mbaya wake. Tulisubiri sinema nzima huyo mbaya aanguke, hakuanguka, tukalalamika, na Dije akatuambia sumu ile ni ya polepole, atakufa sinema ikishaisha. Ya tatu ni ya mzee aliyecheza usiku kwenye ukumbi mtupu, viti vyote vimebaki vyenyewe. Hao watazamaji wako wapi? Kawamaliza wote, Dije alisema, kwa kuwa siku moja walimzomea. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na niliona kabisa kwamba yule mzee alikuwa na haki yake.

Sasa nina simu, nimeangalia sinema za baleti na za maisha ya wachezaji kuliko mtu yeyote ninayemfahamu mtaani kwetu, na ninajua kwamba bibi wa bakora kwa kawaida anampenda binti kupita kiasi. Haijanisaidia. Pazia likifunguka tu naanza kumtafuta adui.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichorudi katika kila kanda. Pembeni ya jukwaa, kabla ya kutokea mbele za watu, wachezaji walisimama kwenye kiboksi cha mbao chenye unga mweupe wakausaga kwa viatu vyao, mguu huu, mguu ule, halafu ndiyo wakakimbilia kwenye mwanga. Dije hakuhitaji kufikiri. "Hapo anakanyaga dawa," alisema, na hakuna aliyebisha, hata wakubwa. Nani angebisha? Nusu ya watu wa banda walitoka Magu, Kisesa na Sengerema, na wote walikulia kwenye ngoma za Wagika na Wagalu, vile vyama viwili pinzani vya Wasukuma. Mnajua zinavyokwenda: mavuno yamekwisha, makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watazamaji wako huru kukimbilia wanakotaka. Aliyeshinda ni aliyezungukwa na watu wengi. Na kila kundi lina mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu. Kwa hiyo tulipowaona Wazungu nao wanakanyaga unga wao, tulifurahi kuona kumbe dunia ni moja. Ni binti yangu, mwaka huu huu, aliyenicheka na kuniambia ule ni utomvu wa mti uliosagwa ili miguu isiteleze. Nilimwambia anyamaze ale.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juu ya nyumba zetu kulikuwa na jiwe pana lililolala, na juu ya jiwe hilo mimi nilitunga hatua. Nasema nilitunga, na mtu asiniambie nimeiga. Nilichukua kusimama kwa vidole kwa yule binti, nikafunga njuga za bibi yangu miguuni, nikagundua jambo ambalo halikuwa kwenye kanda wala kwenye ngoma ya mtu yeyote. Ukiwa juu ya vidole na ukienda kwa hatua fupi fupi za haraka, kichwa hakitikisiki, kifua kimesimama, njuga zinanyamaza. Una njuga ishirini mguuni na hakuna hata moja inayotoa sauti. Mtu anakuona unakuja lakini hakusikii. Halafu unashusha visigino kwa mara moja, na zote zinalia pamoja, na mtu anaruka. Niliifanyia kazi tangu mvua za mwanzo mpaka zikakatika. Nilichubuka vidole, nikamdanganya mama kwamba nimejikwaa. Mtu mmoja tu aliiona, naye ni Milembe, alikuwa akikaa pembeni ya jiwe akila miwa na kunihesabia.

"Jirani," aliniambia, "ukifanya hivyo siku ya mashindano, watatuachia uwanja."

Shule yetu ilikuwa ijipime ngoma na shule ya jirani, kwa mtindo ule ule wa Wagika na Wagalu, makundi mawili uwanja mmoja. Mwalimu wa ngoma, mwanamke mrefu asiyecheka, alikuwa bado hajachagua wa kuongoza mstari wa mbele. Niliweka hatua yangu kama akiba, nikimsubiri aseme siku ya kuchagua. Halafu nikaugua malaria. Wiki nzima nilikuwa kitandani, nasikia ngoma za mazoezi kutoka shuleni, na niliporudi, miguu bado haina nguvu, nilimkuta Milembe amesimama mbele ya mstari, juu ya vidole, njuga kimya. Akashusha visigino. Zikalia. Mwalimu akapiga makofi, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu makofi.

"Umefundishwa na nani hiyo?" akamwuliza.

Milembe aliniona pale mlangoni mwa darasa. Aliniona vizuri kabisa. "Nimeitunga mwenyewe, mwalimu," akasema.

Nilikwenda kwa mwalimu baada ya mazoezi. Nikamwamkia, nikasema hatua ile ni yangu. Alinitazama, akaniambia nioneshe. Niliinua visigino, magoti yakatetemeka kwa malaria, nikaanguka.

"Kama ni yako," akasema, "mbona yeye anaiweza na wewe huiwezi?" Akanipanga mstari wa mwisho, mstari wa wapiga makofi.

Sikulia. Watoto wengine wangelia, wangegombana, wangesemezana mpaka mama zao waingilie. Mimi nilikuwa nimesomeshwa na Dije Tufani. Nilijua steringi anapodhulumiwa hafanyi kelele, anarudi mazoezini. Kila asubuhi nilimsalimia Milembe vizuri. Nilimbebea daftari. Alianza kwa kunikwepa macho, baada ya siku chache akazoea, akaanza hata kuniuliza kama mkono wake umekaa sawa, nami nikamrekebisha mkono. Usiku nikilala upande wangu wa ule ukuta, nilimsikia akikohoa upande wa pili, na kila akikohoa nilisema moyoni, kohoa, siku zako zinakuja.

Sindano yenye sumu sikuwa nayo. Kilichonijia ni unga. Likizo fupi nilivuka kwenda kwa bibi Sengerema, na nyuma ya shamba lake la mihogo, kwenye uzio, kulikuwa na upupu umetambaa, maganda yake yamekauka, yamejaa vile vinyoya vya rangi ya dhahabu ambavyo kila mtoto wa kule anafundishwa kuvikwepa. Nilijifunga mfuko wa plastiki mkononi, nikayakwangua maganda sita ndani ya kasha la kiberiti. Kidogo kilinipata kwenye kiwiko, nikajikuna mpaka nikatoka damu, na nilifurahi, kwa sababu nilijua sasa dawa yangu inafanya kazi. Bibi alinipaka majivu akaniambia nisicheze huko tena. Nikamwitikia, "Ndiyo, bibi."

Asubuhi ya mashindano njuga zote zilitundikwa kwenye kamba darasani, kila moja na kitambaa chake cha kufunga chini ili isichubue. Cha Milembe kilikuwa kipande cha kitenge chekundu chenye samaki. Nilikuwa wa kwanza kufika. Nilifungua kasha, nikanyunyiza, nikakunja kitambaa kilivyokuwa, nikatoka nje kunawa mikono kwa mchanga. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Nataka niseme hivyo wazi kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba mtoto alijutia. Sikujutia. Kichwani nilikuwa nimemwona tayari anajikuna mbele ya wazazi, anakimbia uwanjani, mwalimu anageuka kutafuta mtu wa kuziba nafasi, na mtu huyo ni mimi.

Shule ya jirani iliingia kwanza, na walikuwa wazuri kweli. Walikuwa na wavulana wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa mgongo, na watu wote walikimbilia kwao, hata mama zetu. Sisi tulizungukwa na mbwa wawili na mzee mmoja kiziwi. Ngoma yetu ikaanza. Milembe akatoka mbele juu ya vidole, njuga kimya, anakwenda kwenye ule uwanja mtupu kana kwamba hagusi chini. Nikiwa mstari wa mwisho, napiga makofi, nilianza kuhesabu. Sikufika mbali. Aligeuka mara moja kututazama, uso umebadilika.

Nilisubiri ainame ajikune. Hakuinama. Alishusha visigino, njuga zikalia, akaruka. Aliruka kama hakuna mtoto aliyewahi kuruka pale, miguu ikapishana hewani, akatua, akasugua muundi wa mguu huu kwa kisigino cha ule, akazunguka, akapiga chini mara nne, tano, akaruka tena. Machozi yalikuwa yakimtoka na mikono yake ameinyoosha juu, haiteremki. Kijana wa ngoma akamtazama, akaongeza mwendo. Milembe akaongeza zaidi. Mwanamke mmoja wa upande wa majembe akageuka, akapiga kigelegele, akaanza kukimbia kuja kwetu huku akipiga kelele, "Amepandwa! Ngoma ya babu yake imempanda!" Na wote wakaja. Uwanja mzima ulihama mbele ya macho yangu. Wavulana wa majembe walibaki wamesimama, mmoja bado ana jembe mgongoni, hakuna anayewaangalia.

Kazi yangu ilikuwa kupiga makofi, na nilipiga. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Milembe hakuja shule kwa siku tatu. Aliporudi, miguu ilikuwa na michubuko ya kujikuna na mabaki ya majivu kwenye vifundo. Nilisubiri kuitwa ofisini. Nilisubiri mama yake aje nyumbani na fimbo. Hakuna aliyekuja, na Milembe hakunisemesha tena wala mimi sikumsemesha. Habari ya mtoto aliyepandwa na ngoma ya mababu ilisambaa mpaka ng'ambo ya ziwa, na kabla mwaka haujaisha kikundi cha ngoma kutoka Dar kikaja kumwomba kwa wazazi wake. Kutoka Dar akaenda nje. Nilikuwa nikimsikia redioni miaka na miaka, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu nashona sare za shule, mtangazaji anamwuliza safari yake ilianzaje, naye anasema siku ile kule Mwanza mababu walimshika miguu. Akimaliza nilizima redio, nikawaambia mabinti ninaoshona nao kwamba betri imekwisha.

Lakini nilikuwa na jambo langu, na hilo ndilo lililonifanya niweze kumsikiliza. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Jina lake lote, safari zake zote, vilisimama juu ya maganda sita ya upupu wangu, na siku nitakayofungua mdomo vitaanguka. Nilisubiri arudi Mwanza. Nilipanga hata maneno.

Baada ya matanga alitangaza kwamba atabaki siku chache, na Jumamosi atawafundisha watoto wa Kirumba ngoma kwenye ukumbi wa mtaa. Binti yangu aliomba kwenda. Nilimruhusu upesi mpaka akashangaa, na nikamwambia nitamsindikiza.

Watoto walikuwa kama thelathini, wamekaa chini. Milembe amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuingia mvi, lakini aliposimama juu ya vidole na kupita mbele yao na njuga kimya, ukumbi ulibana pumzi. Akashusha visigino. Watoto wakaruka, wakacheka. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ulifundishwa na nani?"

"Hii?" Milembe akafikiri kidogo. "Hii ni ya mababu zetu, mwanangu."

Nikasimama. Nilikuwa kwenye benchi la wazazi, nyuma kabisa.

"Mababu gani, Milembe?" nikasema. "Waambie watoto wa watu ukweli. Hatua ni yangu, uliniibia nikiwa naumwa. Na siku ile uwanjani hukupandwa na mababu, ulipandwa na upupu. Niliuweka mimi, kwenye kitambaa chako cha njuga, kwa mkono wangu huu."

Binti yangu alifunika uso kwa kanga. Wazazi waligeuka wote. Milembe naye akageuka, na nilikuwa tayari kwa lolote, akane, alie, anitukane. Kila moja nilikuwa nimelitafutia jibu miaka mingi.

"Najua, Jirani," akasema.

"Unajua nini?"

"Upupu. Mtu akulie hapa asiujue upupu? Ulianza kuniwasha hata sijafika katikati ya uwanja. Nikageuka nikakuona, ulikuwa unapiga makofi nje ya mdundo, hunibandui macho." Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mama alinibana siku tatu nimtaje aliyenifanyia. Nikamwambia nilipita vichakani."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nitakutajaje, na mimi nilikuibia? Nilisema nisijikune mbele za watu, nicheze mpaka mwisho, basi iwe tumemalizana. Mimi nilidhani na wewe ulimaliza siku ile."

Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Miaka yote hiyo nililinda siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo. Nilitamani angekana.

Milembe akawageukia watoto. "Haya, sikieni. Mama yule anasema kweli. Hatua hii aliitunga yeye, juu ya jiwe hapo nyuma ya nyumba zetu, akiwa mdogo kama nyinyi. Nimeizungusha kwenye nchi za watu nikisema ya mababu, na haikuwa haki. Mpisheni apite. Njoo mbele, Jirani, uwaonyeshe mwenyewe."

Watoto wakaachia njia. Nilipita katikati yao mpaka mbele. Milembe alifungua njuga zake, akapiga magoti sakafuni, akanifunga mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama pembeni. Hapo ndipo mahali nilipopataka maisha yangu yote. Watu wote wameketi, wananitazama mimi, na hakuna mtu mbele yangu.

Nikainua visigino, nikapiga hatua. Njuga zikalia. Nikapiga ya pili, zikalia tena. Nilisimama. Nilikuwa nakumbuka kitenge chekundu chenye samaki. Nilikuwa nakumbuka maganda yalikuwa sita, na maneno ya mwalimu, na kila alichosema Milembe redioni, neno kwa neno. Sikukumbuka mguu unaoanza ni upi. Nyuma ya kanga binti yangu alikuwa akicheka, au akilia, sikuweza kujua.

Milembe akaja akasimama kando yangu, peku, karibu mpaka mabega yakagusana.

"Kushoto," akaninong'oneza. "Uzito ulete kifuani. Usiangalie chini."

Nilikuwa sijamsamehe, na hata leo sijamsamehe. Lakini niliangalia chini, nikaitazama miguu yake, nikaanza kuiga hatua yangu mwenyewe taratibu, na njuga zikawa zinalia kila ninapokanyaga.